Kiberiti cha Alice

Kwa miaka mingi Clifford alijenga vya watu. Alikuwa mkandarasi anayejulikana Kakamega nzima: madarasa, mitaro ya barabara, vyoo vya soko, ukuta wa kanisa moja kubwa la mjini. Lakini alipotaka kujijengea mwenyewe nyumba ya mawe huko kwao Shinyalu, akakuta hawezi. Saruji alikuwa nayo, mawe alikuwa nayo, mafundi walikuwa wake. Kikwazo kilikuwa ndugu yake mkubwa.

Ndugu huyo, Lumbasi, kifungua mimba wa mama yao Navalayo, alikuwa bado anaishi kwenye simba. Simba ni kile kibanda cha udongo ambacho kijana hujengewa akibalehe, ili asilale tena chini ya paa moja na wazazi wake. Anakaa humo mpaka aoe, kisha anatoka na kujenga nyumba yake halisi upande mwingine wa boma. Lumbasi alioa, akapata watoto, akaota mvi, na bado hakuwa ametoka. Na kwa desturi ya boma lile, mdogo hachimbi msingi kabla mkubwa hajatoka simba na mkewe hajawasha moto katika nyumba mpya. Sheria hiyo haikuandikwa popote, lakini hakuna fundi wa pale ambaye angeivunja, hata kwa malipo maradufu.

Jambo la kuchekesha, kwa mwenye moyo wa kucheka, ni kwamba Lumbasi alikuwa mfyatuaji matofali. Ndiyo kazi aliyoijua na ndiyo iliyomlisha. Kila kiangazi alikanyaga udongo, akafyatua, akapanga tanuri, akachoma, akamwambia mkewe, "Alice, haya sasa ni yetu." Kisha shule inafukuza watoto kwa sababu ya karo, au mtoto analazwa hospitali Iguhu, na tanuri la nyumba yao linapakiwa kwenye trekta la mtu mwingine. Kibao chake cha kufyatulia kilikuwa na ufa, na kila tofali lililotoka humo lilibeba mstari mwembamba ubavuni. Ukipita sokoni Shinyalu, ukatazama vizuri, utauona mstari huo kwenye baa, kwenye duka la dawa, na kwenye jiko la mchungaji. Ni nyumba nzima ya Lumbasi, ila imegawanywa.

Tumfuate Alice, maana yeye ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Aliletwa kutoka Malinya akiwa bibi harusi, akaingizwa kwenye simba kwa muda tu, na huo muda ukamzalia watoto wanne. Mkubwa wao, Mmbone, alikuwa gredi ya nane na mwili umeshakuwa wa kike. Msichana wa umri huo halali tena alipo baba yake, kwa hiyo alilala kwa bibi yake Navalayo, ambaye nyumba yake ilikuwa imeanguka ukuta wa nyuma wakati wa masika na kubakiwa na chumba kimoja. Humo alilala bibi, wakalala wadogo zake Mmbone wa kiume, na kuku wawili waatamiaji. Mmbone alibadilisha nguo nyuma ya leso iliyotundikwa kwenye kamba, na ndugu zake, kama walivyo ndugu, waliiona ile kamba kuwa kitu cha kuchezea.

Siku moja wakichambua mboga, msichana aliuliza, bila kulalamika, kama anayeuliza bei ya sukari: "Mama, nyumba yetu ikijengwa, chumba changu kitakuwa na mlango?"

"Kitakuwa nao."

"Wa kufunga kwa ndani?"

"Na komeo," Alice akasema. "Kwa ndani kabisa."

Hiyo ndiyo ahadi pekee ambayo Alice aliwahi kumpa mtoto wake bila kusema Mungu akipenda. Baadaye alijilaumu kwa hilo, lakini wakati ule alikuwa na hakika.

Clifford alikuwa akija nyumbani sikukuu na Jumapili za hapa na pale, gari likiegeshwa pale pale kwenye kivuli cha mparachichi. Alice alichinja ingokho, kuku wa kienyeji, akanyonyoa, akapika, akasonga obusuma, ugali wa kwao, akabeba maji ya kunawa kutoka mgeni hadi mgeni. Navalayo alihakikisha firigisi inawekwa kwenye sahani ya Lumbasi, kwa kuwa ndiye mkubwa wa boma, na hilo halikuwa na mjadala. Clifford alikula mapaja yote mawili. Hivyo kila mmoja alipata heshima yake, na Alice, aliyekuwa akila mwisho, alipata shingo na muda mrefu wa kuwatazama.

Mke wa Clifford aliitwa Jepkoech, na ni vizuri kusema mapema kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikulia upande wa Lugari, kwenye shamba la mahindi ambalo zamani lilikuwa la mzungu na baadaye likawa la baba yake, mwenye matrekta. Alikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo mjini, na nyumba ya kupanga mtaa wa Milimani yenye maji ya moto ukutani. Kila akija alileta mfuko wa nguo. Viatu vya mwanawe Bravin, ambaye alikuwa rika moja na Mmbone, vilihamia miguuni mwa Mmbone vikiwa bado na mwaka mzima wa kuvaliwa. Mmbone alimwita mama mdogo, na Jepkoech alifurahi kuitwa hivyo. Tena ni Clifford na mkewe waliokuwa wakimalizia karo ya Mmbone kila muhula, jambo ambalo halikutajwa mezani kamwe, na kwa sababu halikutajwa, lilikuwa limekaa hapo mezani daima.

Kilichomtia Clifford haraka ni mazishi ya rafiki yake. Rafiki huyo alikuwa tajiri wa mjini, ana nyumba za kupangisha, lakini kwao hakuwa amejenga hata banda. Maiti haiwezi kulala kwenye nyumba ya mtu mwingine, kwa hiyo siku moja kabla ya mazishi vijana walimjengea kibanda cha miti na karatasi za nailoni, wakaliingiza humo jeneza linalong'aa kama gari jipya. Mvua ikanyesha. Clifford alisimama na suti yake akiona nailoni inavyobonyea kwa maji juu ya mtu aliyekuwa akinywa naye kahawa. Aliporudi nyumbani hakula.

Wiki ile ile akaja Shinyalu, akaketi na Lumbasi na Alice mbele ya simba.

"Ndugu yangu, wewe utoke humu," akasema. "Fyatua matofali, mimi nitaleta saruji, mabati na fundi. Vyumba viwili na sebule. Halafu na mimi nianze yangu."

Lumbasi alitazama chini, akatabasamu kwa aibu, kama alivyofanya kila aliposaidiwa na mdogo wake. Alice hakutazama chini. "Vyumba viwili, shemeji?" akauliza.

"Viwili, shemeji. Tena vikubwa."

Kiangazi hicho Lumbasi alifyatua kuliko wakati mwingine wowote. Alice alibeba maji kutoka mtoni mpaka shingo ikakataa kugeuka. Mmbone alifunika matofali mabichi kwa majani ya migomba kabla ya kwenda shule. Tanuri lilipoiva, lilikuwa refu kuliko simba yenyewe, na Alice alikuwa akiamka asubuhi na kwenda kuligusa. Safari hii hakuna mtu aliyeliuza. Watoto walipofukuzwa shule kwa pesa za mtihani, Alice alikwenda kulima shamba la mwalimu mkuu badala ya kugusa tanuri lile.

Kisha Clifford akapata kazi ya madarasa iliyotakiwa kuisha kabla shule hazijafunguliwa, na matofali yakaadimika. Akapiga simu. Lumbasi akaongea naye akiwa amesimama, ndiyo, ndiyo, hakuna neno. Siku iliyofuata lori likaja.

"Yatarudi," Lumbasi akamwambia mkewe. "Amesema yatarudi."

"Na wewe ulimwambia nini?"

"Ningemwambia nini, Alice? Mtoto anasoma kwa mkono wa nani?"

Ilikuwa kweli. Alisimama akaangalia watu wa lori wakipakia, na yale yaliyovunjika wakati wa kupakia aliyaokota yeye, akayapanga kando ya simba. Yalitosha kuinulia mtungi.

Hayakurudi. Badala yake, Novemba ilipoingia na mvua zake fupi, walikuja mafundi na miti na mabati, wakasimamisha nyumba ya mabati kabla Alice hajamaliza kupalilia maharagwe yake. Ilikuwa na sakafu ya saruji na dirisha moja la kioo. Alice aliingia ndani na kuzunguka, na kuzunguka kwenyewe hakukuchukua muda. Kilikuwa chumba kimoja.

"Shemeji, ukuta wa katikati uko wapi?"

"Hii ni ya kuanzia tu," Clifford akasema akiwa na simu sikioni. "Mtawekanga pazia. Mwaka ujao tunaweka ile nyingine."

Alice alijua miaka ijayo inavyokuja. Alikuwa kwenye simba ya muda tu kwa miaka kumi na tano. Akiwasha moto kwenye ile nyumba ya mabati, Lumbasi atakuwa ametoka simba, mdogo atakuwa huru, nyumba ya mawe itapanda ghorofa, na hakuna mtu atakayekumbuka tena vyumba viwili. Mmbone atabaki na leso yake kwenye kamba. Na akikataa kuwasha, ni nani atakayemlipia Mmbone karo ya Januari? Alilifikiria jambo hilo huku na huku kama mtu anayetafuta upande wa kukamatia gogo zito, na hakupata upande. Hakuwa na hasira ya kupiga kelele. Alikuwa na ile hasira ya baridi, ambayo hukaa na mtu ikamsaidia kazi.

Siku ya kuhamia ikawa Jumamosi. Clifford alikuja na gari mbili, na nyuma yake lori la mawe likasimama langoni, tayari kushusha punde tu moto utakapowaka. Wazee wachache wa ukoo walikaa kwenye viti vya plastiki. Navalayo alivaa gauni lake la kanisani. Kazi ilikuwa nyepesi: Lumbasi aingie na kigoda chake, Alice aingie na mafiga matatu na kuni, awashe moto, apike chochote, watu wapate kula. Alice alikuwa amenunua kiberiti kipya kwa ajili hiyo na kukifunga kwenye pindo la leso yake.

Lakini Alice hakuonekana kuwa na haraka. Alikwenda kutafuta kuni kavu na kurudi na mbichi. Akaziacha, akaenda kutafuta nyingine. Akakumbuka kuku hawajala. Lumbasi alikaa mlangoni na kigoda chake mapajani, akimsubiri mkewe. Wazee walianza kuuliza kama boma hilo siku hizi halina chai. Na manyunyu yakaanza.

Jepkoech ndiye aliyeona haya. Alikuwa amesikia kwa miaka, kwa pembeni pembeni, kwamba mke wa mjini hukaa tu kama picha ukutani. Siku hiyo alikuwa ameamua mwenyewe, tangu Milimani, kwamba atapika. Alijifunga leso juu ya suruali, akatoa kwenye buti la gari jiko la makaa, sufuria mpya, maziwa na majani chai, akatazama angani, akatazama jikoni kwa mama mkwe ambako kulikuwa kunavuja, kisha akaliinua jiko na kuingia nalo mahali pakavu palipokuwa karibu, kwenye ile nyumba ya mabati. Akampita Lumbasi mlangoni. Lumbasi, ambaye hawezi kumsemesha mke wa mdogo wake ovyo, alisogeza magoti na kutazama pembeni.

Alice alikuwa amesimama chini ya ukingo wa mabati na kuni kifuani. Jepkoech akatoa kichwa dirishani.

"Mama Mmbone, leo wewe kaa tu, wacha mimi nitengenezee wazee chai. Uko na kiberiti?"

Kwao Jepkoech, chai ni chai. Hakuna aliyemweleza lolote kuhusu mambo ya moto, kwa sababu kila mmoja alidhani mwingine amemweleza, na kwa sababu watu hawamwelezi tajiri mambo ya kijinga kama hayo. Alice alilijua hilo wakati ule ule. Alijua pia kwamba neno moja tu lingetosha: ngoja. Lumbasi alikuwa ameshafungua mdomo. Alice akamtazama mumewe machoni, na Lumbasi akaufunga.

Akaliachia lile furushi la kuni, akafungua pindo la leso, akatoa kiberiti.

"Hiki hapa, mama Bravin," akasema. "Asante sana kwa kusaidia."

Alifurahi. Hatutamfichia. Aliposikia njiti ikikwaruza na kuona moshi wa kwanza ukitafuta njia chini ya mabati, alifurahi kuliko siku aliyoolewa.

Navalayo aliuona moshi akiwa amekaa na wazee. Alitabasamu kwanza, akaanza hata kupiga kigelegele, kisha akamwona Alice yuko nje. Kigelegele kikamkatikia kooni. Akaja kwa mkongojo wake, akachungulia.

"Nani ameasha hii moto?"

"Ni mimi, Mama," Jepkoech akasema kwa furaha, macho yakimlengalenga kwa moshi. "Chai inakaribia."

Wazee wakainuka kwenye viti, mmoja mmoja. Clifford akaja mbio kutoka kwenye lori.

"Mama, ni chai tu," akasema alipoelewa, akicheka kidogo. "Si ameweka kwa jiko yake mwenyewe? Itolewe, Alice awashe ingine."

"Moto ya kwanza hairudiwangi," Navalayo akasema. "Mke yako amepika. Hii nyumba ni yako, Clifford. Umejenga mbele ya ndugu yako."

"Mama! Hii? Hii ya mabati?"

"Mimi sikuasha."

Akageukia wazee, nao wakatikisa vichwa kwa huzuni ya watu wanaofurahia jambo. Ilitakiwa sasa Clifford na mkewe walale humo usiku mmoja, walete kondoo wa kutakasa, kisha Lumbasi ajengewe nyumba nyingine mahali pengine, naye Clifford asiguse ardhi ya boma mpaka hapo. Fundi mkuu hakungoja mtu amwambie. Alikwenda langoni akamwambia dereva wa lori azime injini.

Jepkoech alitoka nje na sufuria mkononi. Alikuwa ameanza kulia, kulia kwa kweli kwa mtu aliyejaribu wema ukamwangukia. Alimtazama Alice. Alice alimtazama pia, na ikawa wazi kati yao wanawake wawili ni nini kilichotokea. Jepkoech hakusema. Hilo Alice alilikumbuka baadaye zaidi ya mengine yote: kwamba angeweza kumsema mbele ya watu, na hakumsema.

Chai ile watu waliinywa. Ilikuwa na maziwa mengi.

Wiki za mwanzo Alice alitembea akiwa mwepesi. Clifford sasa angejenga, hana njia nyingine, na safari hii Alice angesimama kwenye msingi na kuhesabu vyumba mwenyewe. Alimwonyesha Mmbone mahali: hapa sebule, hapa sisi, hapa wewe. Mmbone aliweka jiwe mahali ambapo mlango wake ungekuwa. Hata Lumbasi alirudi kwenye udongo kwa nguvu mpya na kuanza kupiga mluzi.

Clifford hakulala kwenye nyumba ya mabati, wala hakuleta kondoo. Alikaa kimya mpaka Krismasi ikapita. Kisha habari zikafika Shinyalu kwa njia ya fundi mkuu, aliyekuja kumwita Lumbasi kwenye kibarua cha kuchimba msingi: Clifford alikuwa amenunua shamba kando ya lami, upande wa Khayega. Shamba la kununua halina baba, na pasipo na lango la baba hakuna mkubwa wala mdogo. Hapo mtu anajenga akitaka, aanze na choo akipenda. Fundi huyo huyo aliyekataa kushusha mawe sasa aliyashusha kwa roho safi, maana hakuna alichovunja.

Alice hakuwa amelifikiria hilo hata mara moja. Maisha yake yote desturi ilikuwa ukuta, na ukuta kwake ulikuwa wa kila mtu. Haikumjia kwamba kuna watu wanaoweza kununua mahali ambapo ukuta huo haufiki. Siku aliposikia alikaa kwenye ukingo wa kitanda ndani ya simba na kumchukia Clifford kwa nguvu zake zote, mpaka ikafika wakati wa kupika.

Nyumba ya mabati ilikuwa ya Clifford kwa hukumu ya mama yake mwenyewe, basi akaitumia. Aliijaza mifuko ya saruji na mbolea za duka la mkewe, akaitia kufuli kubwa. Mvua iliponyesha Alice aliisikia kutoka kwenye simba ikipiga yale mabati mapya, hatua chache kutoka alipokuwa anasogeza sufuria chini ya tundu la paa. Lumbasi alikwenda Khayega kuchimba msingi wa nyumba ya mdogo wake na kulipwa kila jioni kama wengine. Navalayo alihamia huko nyumba ilipoezekwa, kwa kuwa alikuwa mzee na kule kulikuwa na choo cha ndani. Alipoondoka alilia, akisema anaacha boma la mumewe. Hata hivyo alikwenda, na nyumba yake ikabaki na wavulana na kuku.

Na Mmbone? Msichana asingeweza kubaki pale peke yake na wavulana. Jepkoech ndiye aliyekuja kumwombea, mwenyewe, akaketi kwenye kile kigoda cha Lumbasi. Alisema kuna shule nzuri ya kutwa karibu na kwake. Karo isiwe wasiwasi. Mmbone angemsaidia bibi yake, awaangalie mapacha, wadogo zake Bravin, na kazi ndogo ndogo za jikoni. Aliyasema hayo kwa upole, bila kumtazama Alice sana. Alice alitafuta kisasi ndani ya maneno yale na hakukiona. Ingekuwa rahisi kama angekiona.

"Atakuwa na mahali pa kulala?" akauliza.

"Ana chumba chake mwenyewe," Jepkoech akasema.

Sherehe ya kufungua nyumba ilifanyika Agosti. Safari hii Jepkoech alifundishwa kila kitu, akawasha moto wa kwanza wa nyumba kubwa mbele ya mama mkwe, kwenye jiko la gesi, maana hadi siku hiyo walikuwa wakipikia nyuma, na watu wakapiga makofi. Watu walikuwa wengi na magari yalijaa mpaka barabarani. Lumbasi alipewa firigisi yake mbele ya wote, na akaila. Alice alifika mapema na kupelekwa moja kwa moja jikoni nyuma, ambako wanawake wa kijiji walikuwa wakimenya viazi, akapewa karai la vitunguu.

Mmbone alimkuta hapo. Alikuwa amerefuka. Alikuwa na aproni, na mikono yake ilikuwa imekauka kwa sabuni. "Mama, njoo uone," akanong'ona. "Haraka kabla hawajaniita."

Nyuma ya jiko, ng'ambo ya matangi ya maji, palikuwa na banda refu la vyumba vidogo vya wafanyakazi. Nyumba kubwa ilikuwa ya mawe ya kuchonga, lakini huku nyuma fundi alikuwa ametumia kilichobaki kwenye kazi nyingine, na alikuwa hajapiga lipu. Mmbone akafungua mlango wa mwisho. Ndani mlikuwa na kitanda chembamba, ndoo, vitabu vya shule juu ya boksi, na aproni ya pili kwenye msumari.

"Ona," msichana akasema. Akaufunga mlango na kusukuma komeo, akalitoa, akalisukuma tena. Uso wake ulikuwa na furaha ya kweli, isiyo na kona. "Kwa ndani kabisa. Ulisema."

Alice hakuangalia komeo. Alikuwa ameweka kiganja ukutani, juu ya kitanda, na kidole chake kilikuwa kimeukuta ule mstari mwembamba. Akagusa tofali la juu yake, akagusa la pembeni. Yote yalikuwa nao. Ndiyo yale aliyoyabebea maji. Clifford alikuwa amesema yatarudi, na kwa namna fulani hakusema uongo.

"Ni kizuri, Mama?"

"Ni kizuri," Alice akasema. Sauti ilimtoka sawasawa, akashangaa yeye mwenyewe.

Kutoka jikoni Jepkoech aliita, bila ukali, kama mtu anavyoita nyumbani kwake: "Mmbone! Sahani za wageni!"

"Nakuja, Mama Bravin!" msichana akaitika, akaifunga aproni vizuri, akatoka mbio.

Mlango ulibaki wazi. Alice aliufunga, akasukuma komeo, akaketi kwenye kitanda cha mwanawe. Alijaribu kukumbuka ni lini mtoto aliacha kusema mama mdogo. Kisha akafungua, akarudi kwenye vitunguu.